Usichomoe Waya Huo

Kompyuta ya mapajani iliibwa Jumanne mchana, ndani ya ofisi ya kituo cha afya cha misheni, Mjimwema, mjini Njombe. Kufuli halikuvunjwa. Mwizi alikuwa na ufunguo.

"Ndani yake kuna nini?" Inspekta Manase aliuliza.

Sista Fidelia, muuguzi mkuu, alishusha sauti. "Majina ya wagonjwa arobaini na watatu. Ndio wa kwanza kupewa dawa za kurefusha maisha. Orodha isipofika Iringa Jumatatu, dawa zinapelekwa kituo kingine."

"Nakala ya karatasi?"

"Niliichoma, kwa ajili ya siri yao. Hata hiyo orodha nimeifunga kwa neno la siri ninalolijua mimi tu."

"Nani mwingine ana ufunguo?"

"Ambrose, dereva wetu. Lakini aliaga tangu Jumatatu, yuko msibani kwao Ipelele."

Manase aliomba boksi la kompyuta hiyo. Ubavuni palikuwa na karatasi yenye namba za kiwandani. Alizinakili zote.

Ijumaa asubuhi alikuwa Makambako, kwenye duka la intaneti la Mzee Halfan, karibu na stendi. Lilikuwa la tatu kulikagua, akitafuta aliyeonekana na kompyuta ngeni.

"Jumatano alikuja mtu na kompyuta yake mwenyewe," Halfan alisema. "Kavaa kofia. Jina sikumuuliza."

Konstebo Hilario alikuwa ameshakishika kiboksi chenye taa za kijani, kile kinachogawa mtandao dukani. "Tukichukue kiwe kielelezo, afande?"

"Usichomoe waya huo!" Rukaiya, binti yake Halfan na fundi wa duka, aliruka kitini. "Kumbukumbu zake zinategemea umeme. Kikizimika, zote zinafutika."

Manase alimzuia konstebo. "Hebu tuonyeshe, binti."

Kiboksi hakikuwa na skrini wala kibodi. Rukaiya alieleza kwamba ndani yake mna Linux ndogo, programu endeshi yenye amri chache za kuandika kwa mkono. Alikifungua kupitia kompyuta yake. Dirisha jeusi likafunguka.

Aliandika logread. Mistari ikamwagika.

"Hapa huandikwa kila mashine iliyoomba kuunganishwa. Kila moja ina namba yake ya kiwandani. Hii ya Jumatano si yetu."

Manase alifungua daftari. Jozi sita za herufi na tarakimu. Alizisoma polepole, Rukaiya akifuatisha kwa kidole. Zililingana zote.

"Ilielekea wapi?"

Rukaiya aliandika arp, amri ya kuorodhesha mashine zilizounganishwa, akakunja uso. "Afande, imo hata sasa. Inapita kwenye waya tulioivutia gesti ya jirani." Akaandika ping. Kiboksi kikaiita ile mashine. Jibu likarudi. Likarudi jingine. "Inajibu! Imewashwa."

Kwenye gesti, mhudumu aliwaelekeza kwa mgeni mwenye kofia, chumba namba tano. Mlango haukufungwa. Ambrose alikuwa kitandani, kompyuta mapajani, macho mekundu.

"Msiba uko Ipelele, wewe uko Makambako?" Manase aliuliza.

"Hakuna msiba, afande."

"Ulitaka kuiuza?"

"Hapana. Nilitaka kufuta jina moja."

"La nani?"

"Langu." Alijifuta uso kwa kiganja. "Mke wangu Margareth husaidia kupanga mafaili pale kituoni. Orodha ikichapishwa, angeliona. Nimeshinda siku tatu kwenye intaneti nikitafuta namna ya kulivunja hilo neno la siri. Nimeshindwa."

Manase aliketi kando yake. "Ambrose, unajua ile ni orodha ya nini?"

"Ya watu watakaokufa."

"Ni ya watu watakaopewa dawa."

Ambrose aliisukuma kompyuta kando. Kisha akalia kama mtoto, na Hilario akatoka nje kwa haya.

Orodha ilifika Iringa Jumatatu, majina yote arobaini na matatu. Ambrose mwenyewe alimweleza mkewe, na Margareth akaenda naye mahakamani. Sista Fidelia alimwombea. Hakimu alimpa kifungo cha nje.

Baada ya mwezi, Manase alirudi dukani kwa Halfan. Hakuja kwa upelelezi.

"Nimekuja kukushukuru, binti," alimwambia Rukaiya. "Kuna watu arobaini na watatu wanaokushukuru, wala hawakujui."

Rukaiya aliinamisha kichwa akitabasamu. "Na yule mwizi, afande?"

"Naye pia anashukuru," alisema Manase.