Buti Nyekundu Nilizoshindwa Kuzikataa

Wasomaji wenzangu, nina miaka thelathini na mbili, ni mke wa mtu na mama wa mtoto mmoja, Neema, aliyetimiza miaka miwili juzijuzi tu. Tunaishi Hässelby, hapa Stockholm, mwisho kabisa wa reli. Siandiki haya ili mnionee huruma. Naandika kwa sababu tangu Januari siwezi kukaa kitini dakika kumi bila kuinuka kwenda kumshika mtoto miguu...

Mimi ni wa Morogoro. Mume wangu, Baraka, ni Mkongo wa Bukavu, aliyeletwa huku na mama yake akiwa mdogo baada ya miaka mingi kwenye kambi ya wakimbizi. Mama mkwe anaishi peke yake Jordbro, upande wa pili wa jiji. Jamani, yule mama ana mkono wa kutoa! Mjukuu anaye huyo mmoja, basi ikawa magauni, midoli, mablanketi, mpaka kabati letu likawa halifungiki.

Novemba akaja na buti. Nyekundu, za ngozi laini, zipu pembeni, manyoya juu. Akapiga magoti mwenyewe kumvisha Neema. Zilimkaa barabara, vidole havikubaki na nafasi hata chembe. Macho ya mama mkwe yakalengwa na machozi. Akanisimulia jinsi wanawe walivyovaa viatu vya msaada kule kambini, vikubwa, wanaviburuta, na watoto wenzao wakiwacheka. Aliapa kwamba mjukuu wake atavaa kiatu cha saizi yake mwenyewe.

Sasa mimi nilikuwa najua! Mwalimu wa dagisi, yaani chekechea ya huku, alinifundisha wiki ileile. Toa soli ya ndani, msimamishe mtoto juu yake, mbele ya vidole ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba. Nafasi hiyo ndiyo inayoshika joto, na soksi ya sufu inaingia humo. Kiatu kikibana, damu haitembei, na mguu unaganda hata kiwe na manyoya ya namna gani. Tena ngozi ile ilikuwa ya kunyonya maji.

Nilijua yote hayo. Nikafungua mdomo, nikasema nini? Nikasema, "Asante mama, zimemtosha kabisa."

Ningesema nini tena? Kwetu mkwe akikupa kitu unakipokea kwa mikono miwili na goti chini. Na baada ya habari ile ya kambini, mdomo ulikuwa mzito kweli. Hata Baraka sikumwambia. Nikaenda kununua buti nyingine, nyeusi, pana, mbaya kuzitazama lakini hazipitishi maji. Na hapo ndipo maigizo yangu yalipoanza.

Kila Jumapili, Baraka akiwa zamu, tukishuka Jordbro mimi na Neema, namkalisha kwenye benchi la stesheni. Navua nyeusi, navisha nyekundu, nyeusi natia mkobani. Bibi anafungua mlango, anaona buti zake, anapiga vigelegele! Akiniuliza, namjibu kwamba Neema anazivaa kila siku, hata dagisi, na hazimsumbui. Kurudi, benchi lilelile. Kila nikifunga ile zipu nageuka huku na huku nisije nikaonwa na mtu wa kanisani kwao. Nilijiona mjanja... mjanja gani!

Jumamosi moja ya Januari niliitwa kazini ghafla, kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi. Baraka naye alikuwa zamu. Nikampeleka Neema kwa bibi yake asubuhi, baridi inakata masikio. Nikafanya yangu pale kwenye benchi. Nilijiambia kwamba watashinda ndani. Nikamkabidhi mtoto mlangoni, nikakimbilia treni, na buti nyeusi zimo kwenye mkoba, begani kwangu!

Mchana jua likatoka, watoto wa mtaani wakatoka na vibao vyao vya kutelezea kwenye theluji. Mama mkwe naye, kwa kupenda kumfurahisha mjukuu, akamvisha sweta mbili, kofia na skafu, akaenda naye kilimani. Walikaa huko karibu saa mbili nzima. Neema alilia, ndiyo. Bibi akadhani anadeka, akambembeleza, akampandisha tena kwenye kibao. Angevishukuje viatu, wakati nilikuwa nimemhakikishia mwenyewe kila Jumapili?

Baadaye mtoto akanyamaza. Waliporudi ndani na zipu zikafunguliwa, vidole vilikuwa vyeupe, vigumu, na akiguswa hasikii.

Simu ilinikuta kazini. Sijui nilifikaje hospitali! Neema alikuwa akipashwa miguu kwenye maji ya uvuguvugu, analia kilio ambacho sijawahi kukisikia. Daktari akasema vidole viwili vya mguu wa kushoto hana uhakika navyo, itabidi tungoje wiki kadhaa. Kisha akainua ile buti, akaibonyeza kwa mbele, akauliza ni nani aliyemchagulia mtoto kiatu kidogo namna hii.

Mama mkwe akajibu, "Ni mimi."

Na mimi nilikuwa nimesimama palepale, mkoba begani. Nikanyamaza! Baraka akamgeukia mama yake mbele ya watu, akamfokea kwamba miaka yote hii bado hajaijua baridi ya huku. Yule mama aliendelea tu kumpapasa mjukuu kichwani.

Siku zikapita, bandeji zinabadilishwa. Mama mkwe hakuja tena kwetu. Alikuwa anapiga simu, anauliza hali ya vidole, anakata. Halafu Baraka akaniambia kwamba mama yake amefungasha kila alichomnunulia Neema na kukipeleka kanisani kigawiwe, kwa kuwa anasema mkono wake una mkosi. Nilivaa koti hapohapo, nikaenda Jordbro. Nikapiga magoti sebuleni kwake nikasema yote, la benchi na la mkoba.

Naye akasema, "Ungeniambia siku ileile, mwanangu, ningezirudisha dukani. Risiti nilikuwa nayo mfukoni."

Basi, hilo tu. Afadhali angenitukana! Baraka, nilipomwambia, hakusema nami kwa siku nyingi, na hadi leo nikimweleza jambo huniuliza mara mbili kama ni kweli.

Vidole vimepona, namshukuru Mungu, ila kucha moja haijaota. Ndugu zangu mnaolea huku kwenye baridi, nawasihi, kiatu cha mtoto kipimeni kwenye soli na mwache nafasi. Na bibi au babu akileta kinachobana, mwambieni palepale, kwa adabu, mtoto akiwa bado hajatoka nje. Mimi niliogopa kumuumiza mama wa watu kidogo, nikaja kumuumiza kabisa.

Jumapili iliyopita tulikuwa kwake. Alikuwa anamenya chungwa, Neema akanyoosha mkono. Yule mama, ambaye zamani alikuwa anagawa hata kabla hajaombwa, alisita na kipande mkononi, akanitazama mimi kwanza.

"Nimpe?" akaniuliza.

Chungwa tu, jamani...