Swali la Pepopunda

Jua lilikuwa linatua Mcha alipotoka mbio kwenda Kikwajuni, chumbani kwa mwenzake wa hospitali, Gharib, kuazima kitabu cha maradhi. Mwaka huo wa 1954 ulikuwa wa tatu kwake kuukalia mtihani wa utabibu. Kesho asubuhi akianguka tena, hospitali inamtoa. Na mkewe, Shemsa, ana mimba ya miezi minane.

Juzi Kidawa, dada yake Gharib, alimjia. "Kaka anaumwa. Anakutaka wewe."

Mcha hakuinua hata uso. "Mwambie nnasoma. Ntakuja baada ya mtihani."

Sasa mlango wa Gharib ulikuwa wazi kidogo. Ndani giza… na harufu ya kidonda kilichooza.

"Gharib?"

"Usiwashe taa." Sauti ilitoka kitandani, imebanwa, ya mtu asiyeweza kuachanisha meno. "Uliza."

Mcha hakuwa na muda wa kushangaa. Akachutama mlangoni. "Pepopunda. Hayaniingii kichwani kabisa."

"Huingilia jerahani. Msumari tu, mguuni… Taya hukaza kwanza. Kisha shingo. Kisha mgongo hupindika kama upinde." Kamba za kitanda zikavutika, zikalia. "Mwanga humshtua mgonjwa. Kelele pia. Lakini akili haipotei, Mcha. Mgonjwa husikia kila jibu analoletewa."

Mcha akarudia neno kwa neno. Yaliingia. Yakakaa.

Mwanga ukamulika mgongoni mwake. Alikuwa Kidawa, kashika kandili, macho yamemvimba.

"Nani kafungua mlango huu?" alinong'ona. "Nliufunga mwenyewe jana, tulipomhamishia kwangu."

"Yumo ndani. Nnasema naye."

Kidawa aliinua kandili.

Kitanda kitupu.

Kamba zake zilikuwa bado zinatikisika.

"Nimefuata mikeka ya msibani," Kidawa alisema polepole. "Gharib tumemzika alasiri."

Asubuhi daktari mtahini alimwuliza Mcha maradhi mawili matatu, kisha pepopunda. Mcha alieleza yote, na sauti yake mwenyewe ikamtisha: ilikuwa inatoka imebanwa. Daktari akaweka kalamu chini.

"Umefaulu, Bwana Mcha. Lakini hayo ya mwisho, ya mgonjwa kusikia majibu, sijayasoma kitabuni. Mgonjwa huyo ulimwona wapi?"

Mcha alijaribu kufungua mdomo. Taya zilikataa, hata akazilazimisha kwa mkono.

"Sikumwona, bwana daktari. Aliniita… sikwenda."