Benchi za Upande wa Desemba

"Jina langu liko wapi, Byron?"

"Punguza sauti, Akidor. Bodi inafika sasa hivi."

"Nimekuuliza, jina langu liko wapi?"

Byron Opondo aliangaza macho huku na huku kama mtu aliyefumaniwa na mkono ndani ya sufuria. Ukutani mbele yao bamba jipya liling'aa: *Ua wa Kampasi, Lodwar, Juni 2013. Msanifu: Byron Opondo.* Basi. Hapakuwa na jina jingine, hata kwa herufi ndogo.

Katikati ya ua ilisimama sanamu ya saruji, mita tano kwenda juu, yenye umbo la ekicholong, kile kigoda ambacho mzee wa Kiturkana hatoki nyumbani bila kukishika. Akidor ndiye aliyeifinyanga kwanza, kwa udongo, kule Kakuma anakofundisha vijana ufinyanzi. Alikuwa akimkumbuka marehemu baba yake, aliyehamahama na kigoda chake mchana kutwa akifuata kivuli cha nyumba. Ndipo alipopata wazo la sanamu ya kulikinga jua ili wanafunzi wakae chini yake. Mfano ule alimkabidhi Byron mwezi wa Desemba, bila karatasi wala sahihi. Nani huomba sahihi kwa mwanamume anayetaka kumwoa?

"Huna cheti cha usanifu," Byron alisema kwa sauti ya chini. "Wangeuliza wewe ni nani. Wangekataa kazi yote."

"Kwa hiyo ukanifuta."

"Ningekwambia baada ya leo. Mpenzi, Jumamosi wazee wangu wanatoka Siaya kuleta posa kwa baba yako mdogo, kule Kanamkemer. Tuharibu yote kwa sababu ya bamba?"

"Na benchi zangu za upande wa kusini? Nilikuchorea pande zote mbili."

"Nilizitoa. Desemba nilishinda hapa siku tatu nikipima. Upande huo ulikuwa jua tupu."

Akidor aliinua uso. Alitazama jua, kisha akatazama chini. Mwanamume huyu alikuwa ameiba kitu, na hata hakukielewa.

"Si ungeniuliza tu," alisema.

Lango likafunguliwa. Mbele alikuja Bi Jerotich, mkuu wa chuo, na mwavuli wake, nyuma yake wajumbe wanne wa bodi. Wa mwisho alikuwa mzee Adome, mwakilishi wa wazee, fimbo mkono mmoja na kigoda mkono wa pili. Huyo ndiye baba mdogo wa Akidor.

"Ejok, Akidor?" mzee akamsalimu.

"Ejok-noi, baba."

Bi Jerotich aliisifu sanamu, akaizunguka, akaketi kwenye benchi ya kaskazini. Hakukaa hata sekunde mbili.

"Uuwi! Hii ni benchi ama ni kikaango?"

Wajumbe wakacheka. Byron naye akacheka, lakini meno tu.

"Itapoa, madam."

"Lini? Wanafunzi wanapumzika saa hizi hizi za saa sita."

Mzee Adome hakungoja majibu ya wasomi. Alipita chini ya sanamu, akatokea upande wa kusini kwenye changarawe tupu, akaweka kigoda chake kivulini na kuketi.

"Mzee, mbona umejitenga?" Bi Jerotich akauliza.

"Mimi hapana jitenga. Kivuli iko huku. Ni benchi yenu imepotea."

Bi Jerotich akafunga mwavuli polepole.

"Bwana Opondo, tueleze. Kivuli kiko kule, benchi ziko huku. Ukinipa jibu la maana, natia sahihi mkataba wako wa jengo la pili. La sivyo, atapewa mtu mwingine."

Jasho lilimtiririka Byron mpaka shingoni. Alitazama juu, akatazama michoro yake, asione kitu. Simu ikatetemeka mkononi mwa Akidor; ujumbe wa Byron.

*Nisaidie. Wewe unajua. Tafadhali.*

Palikuwa na hatua kumi tu kati yao. Akidor akaandika: *Sema ni kazi ya nani.*

Alimwona akisoma. Alimpenda, na hapo ndipo palipomuuma. Byron akisema uongo sasa, hakuna Jumamosi tena.

"Kuna msaidizi mmoja," Byron akaanza, "alichangia mawazo kidogo..."

Msaidizi! Akidor akageuka, akaelekea langoni. Hatua ya kwanza, ya pili, ya tano.

"Akidor!"

Sauti ilimpasuka Byron mbele ya watu.

"Madam, nimewadanganya. Sanamu si yangu. Ua huu ni kazi ya yule pale, Akidor, mwalimu wa ufinyanzi Kakuma. Nilichukua mfano wake nikaandika jina langu. Aliweka benchi pande zote mbili, mimi nikatoa za upande mmoja. Na hadi sasa sijui nimekosea wapi."

Akidor alirudi taratibu, macho makavu.

"Desemba jua linapita kusini, kivuli kinaangukia kaskazini," alisema. "Juni linapita kaskazini, kivuli kinahamia kusini. Yeye alipima Desemba peke yake."

"Hata mbuzi inajua hiyo," mzee Adome akaongeza.

Bi Jerotich hakucheka. "Bamba litolewe leo. Benchi za kusini ziwekwe kama Akidor alivyochora. Bwana Opondo, jengo la pili usahau."

Walipoondoka, Byron aliketi kwenye benchi ileile ya moto, asiinuke.

"Na Jumamosi?"

"Wapigie wazee. Wasije."

"Umeniacha?"

"Ningekuacha ningekuwa nimeshatoka lango lile. Lakini umesema ukweli ukiwa umebanwa, Byron. Nataka nikuone ukiwa hujabanwa." Akaigonga benchi kwa kidole. "Kivuli kikivuka kikafika hapa, waje."

"Lini hiyo?"

"Pima mwenyewe. Safari hii upime mpaka kivuke."

Byron alibaki. Alibeba mawe ya benchi mpya pamoja na mafundi, bila kuitwa msanifu na yeyote. Kila adhuhuri alichora ukingo wa kivuli kwa mkaa. Kakuma, Akidor alipokea ujumbe mmoja kila wiki, usio na "mpenzi" wala "nisamehe". *Bado kusini. Kimepungua shubiri moja.* Agosti ikapita. Katikati ya Septemba: *Leo kimejikusanya chini ya sanamu yenyewe.* Usiku huo Akidor hakulala vizuri, na alijua sababu.

Siku ya mwisho ya mwezi ikaja picha. Kivuli kilikuwa kimegusa benchi ya kaskazini, na ukutani palikuwa na bamba jipya lenye jina moja, la Akidor. Chini yake neno moja: *Kimevuka.*

Akidor alilia, akacheka, akapiga simu Kanamkemer.

"Baba, Jumamosi utakuwa nyumbani?"

"Iko. Nani anakuja?"

"Wazee kutoka Siaya. Na Byron."

"Wakuje. Lakini ambia huyo kijana abebe kigoda yake. Ya mtu mwingine asikalie tena."