Kompyuta Iliyokwenda Mboko

Kila asubuhi, jua likiwa bado chini, Gordien alikuwa tayari mweupe kichwani. Si kwa uzee. Ni unga. Alikuwa fundi wa moulin, mashine ya kusagia mihogo, katika mtaa mmoja wa Baraka. Wamama walifika na mabeseni yao ya mihogo mikavu. Gordien alisaga, akapiga soga, akawatania. Jioni alirudi nyumbani na unga mpaka kwenye nyusi.

Mke wake aliitwa Marie-Goreth. Binti yao mkubwa aliitwa Igiraneza, lakini nyumbani walimwita Neza. Walikuwa wametoka Burundi zamani kidogo, wakakimbilia hapa Fizi, ng'ambo ya ziwa. Neza alisoma hapa, akakua hapa. Sasa alikuwa anamaliza masomo ya uuguzi. Kilichobaki ni TFC tu, yaani kitabu ambacho mwanafunzi anaandika mwisho wa masomo yake. Bila TFC hakuna diploma.

Neza aliandika habari za watoto wanaoharisha. Kwa miezi mitatu alitembea vijijini, akawauliza wamama themanini: mtoto akiharisha, unampa nini? Majibu yote aliyaingiza katika kompyuta ya nyumbani, ile kubwa ya mezani, yenye sanduku lake na kioo chake. Karatasi za majibu zilioza baadaye, mvua ya Aprili ilipopita kwenye tundu la bati. Kwa hiyo kitabu chote kilikuwa mahali pamoja tu, ndani ya sanduku lile.

Kitabu kiliandikwa kwa Kifaransa. Lakini mwishoni Neza aliweka kurasa mbili za Kiswahili, kwa ajili ya wamama. Gordien alizisoma kurasa hizo mpaka macho yakamuuma. Mwaka juzi hakujua hata herufi moja. Alijifunza kanisani, katika darasa la watu wazima. Sasa anasoma kitabu cha mtoto wake! Alijivuna kuliko mwandishi mwenyewe.

Na hapo ndipo alipokosea.

Huko Mboko aliishi rafiki yake mmoja, Hatungimana, mtu mwenye mdomo. Siku moja Hatungimana alimwambia mbele ya watu, "Gordien, kila siku unasema kitabu, kitabu. Sisi tulikiona wapi?" Maneno hayo yalimchoma Gordien. Jumapili iliyofuata, Neza alikuwa Uvira kumwona mwalimu wake, na Marie-Goreth alikuwa kanisani mpaka jioni. Gordien akachomoa nyaya zote. Akafunga sanduku na kioo katika blanketi, akavikaza nyuma ya pikipiki kwa mipira, akaondoka.

Barabara ya Mboko unaijua. Shimo moja likiisha, lingine linaanza. Sanduku liliruka njia nzima. Nyumbani kwa Hatungimana watu walijaa sebuleni. Gordien akaunganisha nyaya, akajifuta jasho, akabonyeza. Kioo kikabaki cheusi. Akabonyeza tena. Cheusi.

"Hiki kitabu kimeandikwa usiku," Hatungimana akasema, na watu wakacheka mpaka wakashika mbavu.

Gordien alirudi Baraka kabla mke wake hajafika kutoka kanisani. Akapanga kila kitu mezani, akakifunika kwa kitambaa, kana kwamba hakikutoka hapo.

Jumatatu Neza alirudi kutoka Uvira kwa furaha. Mwalimu alimsikiliza akieleza kazi yake, akaikubali. Alitakiwa kuileta Ijumaa, imechapwa. Akabonyeza kompyuta. Taa ndogo ikawaka. Feni ya ndani ikazunguka kidogo, ikasimama, ikazunguka tena, ikasimama. Kioo hakikuonyesha kitu.

Neza alijaribu tena na tena, kisha akalia.

"Pengine njo miye," Marie-Goreth akasema kwa woga. "Siku ya posho nilipangusa meza na kitambaa ya mayi." Alikuwa na maana ya Jumamosi, kwa kitambaa chenye maji.

"Ee, mayi haiko muzuri," Gordien akasema.

Angekuwa jirani yangu, ningemfinya sikio. Mke wake anabeba kosa lisilo lake, naye anamsaidia kulibeba! Usiku ule hakulala vizuri, na alistahili.

Jumanne asubuhi alisema, "Tuitume Uvira. Kule kuko mutu mumoja anafanyaka formatage. Atatengeneza."

Neza hakutaka. Alikwenda kwa jirani yao Dorothée, fundi wa vyombo katika redio ya mtaa. Dorothée alikuwa mwanamke wa maneno machache, na mfuko wake wa vifaa haukumtoka begani. Alifika saa sita mchana, kabla ya zamu yake.

"Mulisema formatage?" akauliza. "Nani alisema ile?"

Gordien akakohoa.

"Papa Gordien, formatage ni kufuta byote. Ni sawa kuchoma nyumba ju ya kufukuza panya. Kompyuta ikikatala kuwaka, haiseme kitabu imepotea. Kitabu iko mu disque, iko nalala tu. Tutafute kwanza nini inazuia mashini kuamuka."

Neza alivuta pumzi kwa mara ya kwanza tangu jana.

"Hatuanzie kufungua," Dorothée akaendelea. "Tunaanzia bile tunaona na macho. Neza, weye utafanya, miye nitasema. Kwanza, courant, umeme, inafika?"

Neza alichomoa kompyuta kwenye ralonji, ule waya mrefu wenye matundu matatu. Mahali pake akachomeka simu. Simu ikaanza kuchaji.

"Courant iko. Sasa waya ya nyuma ya sanduku. Isukume mpaka mwisho. Angalia ile kibonyezo kidogo pembeni yake. Iko ku moja ao ku ziro?"

"Ku moja."

"Muzuri. Ku ziro, courant haipite. Sasa kioo."

Kioo kilikuwa na taa yake. Neza akakaza waya unaotoka kwenye kioo hadi kwenye sanduku, akabonyeza. Maneno madogo yakatokea, kisha yakazimika: hakuna kinachotoka kwenye sanduku.

"Unaona? Kioo iko muzima. Njo sanduku haitume kitu. Sasa utoshe byote hatuitaji. Flash, imprimante, byote. Mara ingine flash moya mugonjwa inazuia mashini nzima."

Neza akachomoa flash, mashine ya kuchapia na vyote vingine, akabonyeza tena. Feni ikazunguka, ikasimama. Ikazunguka, ikasimama.

Dorothée aliinamia sanduku, akisikiliza. Kisha akawageukia wote watatu.

"Ulizo ya maana kupita zote: tangu siku ilikuwa inawaka, nani aliigusa? Iliangukaka? Ilihamishwa?"

"Miye nilipangusa meza," Marie-Goreth akasema chini chini.

Dorothée akamulika kwa tochi chini ya sanduku, akapitisha kidole. "Hapana, mama. Mayi haikuingia humu. Papa Gordien?"

"Miye niko mutu wa moulin," Gordien akajibu. "Nitajua nini ku kompyuta?"

Huo haukuwa uongo. Lakini jibu halikuwa hilo, naye alijua.

Dorothée akatikisa kichwa. "Basi, kama haikutoka hapa ku meza, nazania ni bloc d'alimentation, ile kipande inagawa courant mule ndani. Pengine imeungua. Ya mupya itatoka Uvira. Na hii barabara, ifike siku ya posho, ao juma ingine." Akafunga mfuko wake.

Jumamosi! Na kazi inatakiwa Ijumaa. Neza akakaa chini sakafuni. Hakulia tena. "Basi," akasema. "Nitarudilia mwaka."

Marie-Goreth akapiga magoti kando yake. "Unisamehe, mutoto wangu. Singepangusa ile meza."

Gordien akamwangalia mke wake pale chini. Aibu ya Mboko aliijua, aliibeba siku mbili nzima. Hii ilikuwa nzito zaidi.

"Inuka, Mama Neza," akasema. "Haiko mayi. Njo miye."

Akaeleza yote: blanketi, pikipiki, mashimo, Hatungimana, kicheko. Hakupunguza neno.

"Ku pikipiki!" Marie-Goreth akasema. "Na ukaniacha nipige magoti ju ya kitambaa!"

Lakini Dorothée alikuwa tayari anafungua mfuko wake tena, na uso wake ulikuwa umechangamka. "Aksanti, Papa! Kumbe ilitembea! Basi pengine hakuna kitu imeungua. Kuko kitu imelegea tu. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Ungenyamaza, tungenunua kipande yenye hatuitaji, na mutoto angekosa mwaka."

Akamwambia Neza achomoe waya wa umeme kabisa. "Mashini yenye iko na courant haifunguliwake. Hata mara moya. Sasa bonyeza kibonyezo ya kuwasha, hesabu mpaka kumi, ju ile courant kidogo ilibakia mule iishe. Shika chuma ya sanduku na mukono, ju courant ya mwili isichome bipande bya ndani."

Neza akafungua skrubu kwa bisibisi, akatoa ubavu wa sanduku. Ndani kulikuwa na unga. Unga wa mihogo, umejaa kwenye feni, umetanda kila pembe, kwa sababu Gordien alizoea kukaa hapo jioni na nguo zake za kazi.

"Papa," Neza akasema, "humu tungepika bugali."

Kwa mara ya kwanza siku ile wote walicheka, hata Gordien, ingawa chake kilikuwa kicheko cha mtu anayeomba msamaha. Dorothée akampa Neza burashi kavu na laini. Akamwonyesha kushika feni kwa kidole isizunguke wakati wa kusafisha. "Na usipulize na kinywa. Mate ni mayi."

Kisha akaelekeza tochi kwenye kipande kirefu chembamba, kama kitana, kilichosimama katika mfereji wake. Upande mmoja kilikuwa kimekaa. Upande wa pili kilikuwa kimenyanyuka kidogo.

"Njo ule muhalifu," akasema. "Hii ni RAM. Disque ni kabati, kitabu yako iko mule. RAM ni meza. Mashini inatoshaka kitu mu kabati, inaweka ku meza, njo inatumika. Meza ikianguka, hakuna kazi. Lakini kabati iko muzima."

Neza akafungua vishikizo viwili, akakitoa kipande, akikishika pembeni tu. Akasugua meno ya kipande hicho, yenye rangi ya dhahabu, polepole kwa kifutio cha penseli cha mdogo wake, akapangusa kwa kitambaa kikavu. Akakirudisha, akasukuma pande zote mbili kwa nguvu sawa. Ta! Ta! Vishikizo vikajifunga vyenyewe.

"Sasa ule waya," Dorothée akasema. "Uwashe."

Gordien alifumba macho. Alisikia feni ikizunguka. Akangojea isimame. Haikusimama. Alipofumbua macho, kioo kilikuwa na mwanga, na Neza alikuwa amemkumbatia mama yake. Kitabu kilikuwepo chote, kurasa hamsini na mbili, wamama themanini, hata nukta haikupungua.

"Bado usisome," Dorothée akasema. "Kwanza unakili. Flash moya ibaki na weye. Ingine ikae kwa mutu mwingine, nyumba ingine. Na utume mu email yako, uje ku redio, kuko internet. Kitabu ya fasi moya ni kitabu ya kupotea."

Neza akafanya vile vile, ili kitabu kisikae tena mahali pamoja. Halafu akamgeukia baba yake.

"Papa, ju ya nini haukuniambia siku ya kwanza?"

"Niliona haya," Gordien akasema. "Nilitaka bakuheshimu kule, bakanicheka. Nikaogopa na weye utanicheka."

"Singekucheka. Ningekasirika, ndiyo. Halafu ingeisha."

Gordien akainamisha kichwa. Jioni ile alihamisha meza ya kompyuta mpaka chumba cha ndani, mbali na mlango. Tangu siku hiyo anavua nguo za unga nje kabla hajaingia. Kitambaa kinafunika kompyuta ikiwa imezimwa tu, ili ikiwaka ipate hewa. Na haizimwi tena kwa kuchomoa waya.

Ijumaa Neza alipeleka kazi yake. Mwezi uliofuata aliitetea mbele ya walimu watatu, akapita vizuri sana. Diploma yake leo iko katika kituo cha afya anapofanya kazi.

Siku alipopokea matokeo, alichapa nakala moja zaidi. Akaifunga katika mfuko wa plastiki, akampa baba yake. "Ubebe hii kule Mboko, Papa. Hii hata ikiruka, haitazima."

Gordien alikwenda. Sebule ya Hatungimana ikajaa tena, na watu walikuja tayari kucheka. Kwanza aliwaeleza kosa lake lote, pamoja na sehemu ya kumwacha mke wake alaumiwe. Kisha akafungua kurasa mbili za mwisho, akaweka kidole chini ya mstari, akasoma kwa sauti.

"Mutoto akiharisha, usimunyime maji. Mupe maziwa ya mama kila mara. Chukua litre moja ya maji iliyochemka na kupoa. Weka vijiko vidogo sita vya sukari, visijae kupita kiasi. Weka nusu ya kijiko kidogo cha chumvi. Mupe kidogo kidogo, na umupeleke kwenye kituo cha afya."

Hakuna aliyecheka. Nyuma, karibu na mlango, alisimama mama mmoja kijana na mtoto mgongoni.

"Papa," akasema, "rudilia pale ku chumvi."

Hatungimana alinyanyuka, akaingia ndani, akatoka na kalamu na karatasi kwa ajili ya yule mama. Gordien akarudisha kidole mwanzo wa mstari, akasoma tena, polepole, na mama akaandika.