Sauti ya Kasuku

Wa kwanza kumwambia fundi cherehani jambo hilo alikuwa mama mkwe wake, mtu ambaye alikuwa haoni. Macho yake yalikuwa yamefunikwa na utando tangu mwaka aliozaliwa mjukuu, hivyo filamu alikuwa akizisikiliza tu, amekaa mkekani, mgongo ukutani, miguu ameinyoosha.

"Mkwe wangu," alinong'ona Jumapili hiyo mchana, "Kasuku hakuwa akisema kwenye wimbo."

Fundi alikuwa na sare ya shule mapajani, anashona upindo kwa mkono huku jicho moja likiwa kwenye televisheni. "Unasemaje, mama?"

"Amesema sasa hivi, katikati ya wimbo. Amepiga hodi. Na wewe umemwitikia."

Ni kweli alikuwa ameitikia. Alikumbuka kinywa chake kikisema, "Karibu," bila kufikiri, kama mkono unavyofukuza nzi.

Kasuku alikuwa mume wake, na hilo lilikuwa jina la kazi. Enzi za ujana wao alikuwa na chumba cha kuonyesha video chenye mabenchi sita, akisimama kando ya televisheni na kipaza sauti, akitafsiri filamu za nchi za mbali kutoka lugha ambazo hata yeye hakuzijua. Alizipatia kwa kuangalia nyuso. Jambazi alimpa matusi ya dereva wa lori. Mama wa kwenye filamu alimpa maneno ya mama yake mwenyewe, na mama yake akisikia alikuwa akimtupia kandambili. Mlango wowote ulipogongwa kwenye filamu, Kasuku alisema, "Hodi hodi!" na chumba kizima kiliitikia, "Karibuuu!" Asiyeitikia alitolewa nje. Lakini wimbo ulipoanza, alifunga mdomo. "Wimbo hautafsiriwi," alikuwa akisema. "Anayelia analia kwa lugha yake."

Filamu alizozipenda kuliko zote alizirekodi upya zikiwa na sauti yake. Zilikuwa kanda thelathini na moja. Alizifanya mwaka ambao fundi alikuwa binti mwembamba wa kutumwa nyuzi dukani, naye akambandika jina la Sindano, jina ambalo hakuna mwingine aliyeruhusiwa kumwita.

Kisha Kasuku akaugua, siku tatu tu. Siku ya tatu fundi, mwenye mimba ya miezi saba, alisema atamalizia kwanza gauni la mteja ndipo aende hospitali. Alipofika wodini alikuta muuguzi anatandika kitanda. Hawakuagana.

Kwa miaka minne kanda zile zilikaa kwenye sanduku la bati, kwa sababu deki ilikuwa imekufa. Halafu fundi redio wa mtaani akaokota mahali mkanda mdogo wa mpira, akaifufua. Tangu siku hiyo, kila mchana kazi ikipungua, fundi, mama mkwe na mtoto walikaa kutazama tena filamu zote, moja baada ya nyingine. Mtoto hakuwahi kumjua baba yake kwa njia nyingine. Kwake, baba alikuwa sauti inayotoka kwenye televisheni, kama maji yanavyotoka bombani, na hakuona ajabu yoyote.

Fundi alirudisha kanda nyuma, akaucheza tena ule wimbo. Msichana wa kwenye filamu aliimba kando ya mto mpaka mwisho. Hapakuwa na hodi.

"Labda tumesikia vibaya, mama."

"Wewe una macho ya kukudanganya," alisema mama mkwe. "Mimi sina."

Jumatatu chumba kilikuwa na harufu. Kwanza alidhani ni kitambaa kilicholoa, akakunjua majora yote, akanusa moja moja. Haikuwa nguo. Ilikuwa harufu ya udongo mbichi, udongo uliochimbwa sasa hivi, ndani ya chumba chenye sakafu ya saruji.

Jumanne mtoto aliamka sauti imemkauka. Walimpa maji ya uvuguvugu na chumvi. Jumatano sauti yake ilikuwa inakwaruza kama ya mzee wa tumbaku, na bibi yake akamtania, "Umemeza msumeno, wewe?" Mtoto akatabasamu tu. Lakini hakuwa na homa, hakukohoa, na koo lake, fundi alipolimulika kwa tochi, lilikuwa safi.

"Unaumwa wapi, mwanangu?"

"Siumwi," mtoto alisema kwa shida. "Baba ameniazima."

"Amekuazima nini?"

Mtoto aliinua mabega, akarudi kukaa mbele ya televisheni, karibu mno, magoti yakigusa meza.

Alhamisi, saa nane mchana, jua likiwa limewafungia watu wote majumbani, fundi alikuwa anarudi kutoka kupeleka sare. Alipofika karibu na mlango wake alisikia sauti ya Kasuku ndani, na kicheko cha mtoto, kicheko kizima kisicho na mkwaruzo, na moyo wake ukafurahi kwanza kabla haujaogopa, akasukuma mlango akiwa tayari kusema amepona, kumbe amepona. Mama mkwe alikuwa ameketi mkekani amejiziba mdomo kwa mikono miwili. Televisheni ilikuwa nyeusi. Waya wa deki ulikuwa juu ya meza, umezungushwa vizuri kama alivyouacha mwenyewe asubuhi.

"Sindano," ilisema sauti kutoka kwenye kioo cheusi. "Umechelewa tena."

Alikaa kwenye kiti cha cherehani. Alijua, kama anavyojua kipimo kwa kukitazama tu, kwamba huyu si mtu wake, kwa sababu Kasuku hakuwahi kumsema kwa kuchelewa hata mara moja. Lakini sauti ilikuwa ile ile, yenye ule ukavu mdogo mwishoni mwa kila neno, na ilikuwa inamwambia asogee, kwamba siku ile wodini kulikuwa na maneno ambayo hayakupata mtu wa kuyapokea, kwamba akisogea atayapewa leo, yote, polepole, hakuna haraka, na harufu ya udongo ilikuwa imejaa chumba mpaka ilikuwa kama kupumua ukiwa chini, na yeye, Mungu amsamehe, akasogea. Akakivuta kiti. Akaegemea mbele mpaka pumzi yake ikaweka ukungu kwenye kioo.

Ndipo mtoto alipogeuka kumtazama, akafungua kinywa kumwita, na hakikutoka kitu. Hewa tu. Na kile kicheko kizima kikaendelea kucheka, ndani ya televisheni.

Fundi alimnyakua mtoto, akatoka mbio bila viatu.

Mkunga mstaafu aliishi mtaa wa pili. Watu walimwita kwa uzazi zamani, na kwa mambo mengine sasa, yale yasiyosemwa kwa sauti. Alikuja na kapu lake la sokoni bado mkononi. Fundi alipomsogezea kiti cha cherehani, alikitazama, akatikisa kichwa.

"Hicho kina mtu. Nitasimama."

Alimshika mtoto kidevu, akamsikiliza koo kama anavyosikiliza tumbo la mjamzito. Kisha akauliza, "Nani alimkaribisha?"

"Mimi," alisema fundi. "Nilidhani ni filamu. Sisi wote tuliofundishwa kule kwenye chumba chake cha video tungeitikia."

"Ndiyo maana akapita humo. Huyu ni jini asiye na sauti yake mwenyewe. Anavaa za watu, kama mtu anayevaa nguo za kuazima. Ya marehemu imechakaa, ni ya kwenye kanda. Sasa anajipima ya mtoto."

"Mtoe. Mtoe sasa hivi."

"Simwezi mimi. Mgeni hutolewa na mwenye nyumba." Mkunga akateremsha sauti. "Lakini sikiliza vizuri, binti yangu. Hatoki uchi. Akitoka leo, ataondoka na ile iliyo mwilini mwake, ya mumeo, popote ilipo. Ukisubiri mpaka kesho, ataiacha hiyo na kuondoka na ya mtoto. Mimi sina la tatu la kukupa."

Fundi alilitazama sanduku la bati. Kanda thelathini na moja, na kila moja saa mbili na zaidi. Hakuna picha ya Kasuku hata moja iliyowahi kupigwa vizuri; zote alikuwa amefumba macho.

"Mama," alisema, akimgeukia mama mkwe. "Kasuku ni wako pia. Sema."

Mama mkwe alikuwa analia bila kupangusa. "Unadhani mimi sitaki awe yeye? Siku nne hizi nimekaa hapa nikijiambia labda kaburini kuna mlango. Lakini mimi ndiye niliyemfundisha kusema. Yule hakufundishwa na mimi." Akajiinua, akapapasa ukuta mpaka akafika mlangoni, akaufungua wazi, na mwanga wa mchana ukaingia ukagonga kioo cheusi.

Fundi alisimama mbele ya televisheni. Tangu utotoni alikuwa hajawahi kumwambia mgeni atoke. Hata wadai wa nguo ambazo hazijaisha aliwapa kiti na maji.

"Sindano," ilisema sauti, na safari hii ilikuwa na kikohozi cha wodini. "Nje kuna baridi."

Fundi alimsogeza mtoto nyuma yake.

"Sindano, bado sijakuambia. Neno moja tu. Nilipokuwa nakusubiri siku ile—"

"Nilikukaribisha mimi," alisema fundi, na sauti yake ilikuwa inatetemeka kama kitambaa chini ya sindano, lakini akaendelea, akasema haraka ili asilisikie lile neno, kwa sababu alijua akilisikia tu, hata liwe la uongo, atakaa tena kwenye kile kiti na hatainuka, na mtoto atabaki kufungua na kufumba kinywa kama samaki maisha yake yote. "Nilikukaribisha mimi, ninakutoa mimi. Mlango huo hapo. Toka na ulichonacho, usibakize wala usiongeze. Toka."

Kiti cha cherehani kililia, kama kinavyolia mtu anapoinuka. Kitu kilipita katikati ya chumba. Mama mkwe, pale mlangoni, alirudi nyuma hatua moja kukipisha, na kanga yake ikapepea ingawa hapakuwa na upepo. Alinyoosha mkono, akaukunja tena kifuani.

"Nenda, baba," alinong'ona, jinsi mama anavyomwita mwanawe.

Harufu ya udongo iliisha. Mkunga aliokota kapu lake, akasema nyanya zake zitaoza, akaondoka bila kugeuka nyuma.

"Mama," alisema mtoto. "Nina kiu." Sauti ilikuwa yake, nzima.

Jioni hiyo, mtoto alipolala, fundi alichomeka waya na kuweka kanda moja. Halafu nyingine. Akaweka ya tano, akaweka ya kumi, kila moja akiikimbiza mbele na kusikiliza hapa na pale. Waigizaji walisema kwa lugha zao, wakagombana, wakapatana, wakafa, na juu yao hapakuwa na mtu. Milango iligongwa kimya kimya. Kwenye kanda ya kumi na mbili, mzee mmoja wa kwenye filamu alipoanguka kutoka juu ya punda, ghafla msichana alicheka. Hakuwa mwigizaji. Kilikuwa kicheko cha karibu, cha mtu aliyeketi pembeni ya kipaza sauti siku ile ya kurekodi, akajaribu kujizuia akashindwa. Fundi alihitaji kitambo kujitambua. Alikuwa ni yeye, ana miaka kumi na minane, anacheka mzaha ambao haukuwepo tena.

Asubuhi yake, kabla ya kufunua cherehani, alimkalisha bibi mkekani na mtoto mapajani mwa bibi, akaweka kanda ile ile. Akasimama kando ya televisheni. Kwa aibu kwanza, akiangalia sakafu, akaanza kutafsiri, kwa maneno aliyoyakumbuka.

"Hakusema hivyo," alisema mama mkwe. "Alisema, 'Shuka, wewe gunia la mahindi.'"

"Shuka, wewe gunia la mahindi," alisema fundi.

Waliendelea hivyo, mmoja akisema, mwingine akirekebisha, mpaka punda akatokea. Mzee akaanguka. Msichana akacheka.

Fundi akasimamisha kanda. "Mama, hapa alisema nini?"

Midomo ya mama mkwe ilijaribu neno, ikaliacha. "Hapo sikumbuki, mwanangu."

"Jaribu."

"Sikumbuki."

Fundi alirudisha kanda nyuma kidogo, akaicheza tena.