Mtumiaji Aliyekuwamo Ndani

Walikuwapo watatu katika chumba cha mitambo kisicho na dirisha: rafiki yangu, ambaye ni fundi wa mtandao, mkuu wa ofisi ya ramani, na mchora ramani mzee, aliyekaa kitini na kompyuta yake mapajani, ikiwa imezimwa na kufunikwa. Miguu ilikuwa imemkatalia. Kama kifaa kipya cha kuingilia mtandao wa ofisi kwa usalama kutoka nyumbani kisingefanya kazi siku hiyo, angestaafishwa.

Fundi, akitumia kompyuta yake, alijaribu kumwingiza mzee. Kifaa kilikataa: "Mtumiaji huyu yumo ndani tayari."

"Mzee, nywila umemwachia nani?" mkuu akatania. "Mama kule nyumbani naye anachora siku hizi?"

"Yule? Hata penseli huichonga kwa meno."

Fundi akalitoa jina la mzee kwenye orodha ya walioingia. Likarudi. Akachomoa waya wa mtandao wa nje, halikutoka. Akazima taa ili avione vizuri vijitaa vya kifaa. Gizani ilisikika feni tu, kisha kwenye skrini ya fundi ikafunguka yenyewe ramani ambayo mzee alikuwa hajaimaliza. Mstari ukaanza kujichora polepole, kutoka pembe ya chini kushoto.

"Wenzangu wote huanzia juu," mzee akanong'ona. "Ni mimi peke yangu ninayeanzia hapo."

"Nizime, mzee wangu?" fundi akauliza.

"Mwache amalize, mwanangu."

Mstari ulifika mwisho. Sahihi ya mzee ikajiandika chini yake, na taa ya kifaa ikawa kijani. Mkuu aliandika kwamba jaribio limefaulu.

Mchora ramani alifariki Ijumaa iliyofuata.