Picha ya Nyonga za Bosi

Akitoka shule, Pilipili hakukumbuka hata kuweka begi chini kabla ya kumfungulia Bosi, mbwa wa shangazi yake. Nyumbani walimwita Pilipili kwa hasira zake za haraka, na kusema kweli jina lilimkaa. Lakini kwa Bosi alikuwa laini kabisa.

Siku moja aliingia uani akamkuta Bosi amelala, analia chini kwa chini, na Kasuku, rafiki yake wa nyumba ya pili, amesimama kando. Damu ikamchemka. Shangazi alipotoka kuuliza kulikoni, Pilipili akasema Kasuku amempiga mbwa teke. Shangazi akataka kujua kama ameona kwa macho yake. Akajibu kwamba ameona. Hakuwa ameona kitu.

Maskini Kasuku aliapa mpaka sauti ikamkauka, wapi! Alipigwa marufuku kukanyaga pale, na mama yake akamtoa kwenye timu ya mpira wa pete wakati mashindano yamekaribia. Shuleni wenzake wakaanza kumkwepa. Pilipili aliyaona yote hayo na roho ikamuuma, lakini kila alipotaka kusema ukweli, ulimi ulikuwa mzito.

Wiki mbili zikapita, Bosi hajapona. Alinyanyuka kwa shida, na akikimbia, miguu yake ya nyuma iliruka pamoja kama ya sungura. Ndipo shangazi akampeleka kwa daktari wa mifugo, na Pilipili akafuatana naye.

Daktari, mama mmoja mpole asiye na haraka, alisikiliza habari ya teke, akamchoma Bosi sindano ya usingizi, akamlaza chali na kuinyoosha miguu ya nyuma ikawa sawasawa. Akawatoa nje, akampiga eksirei. Baadaye aliwaita waone picha. Akawaeleza kwamba kichwa cha mfupa wa paja hutakiwa kuzama ndani ya kikombe cha nyonga. Vikombe vya Bosi havikuwa na kina, na vichwa vya mifupa vilichungulia nje, kushoto na kulia vilevile.

"Teke haliwezi kuleta hivi," daktari alisema. "Huyu amekua na tatizo hili tangu mdogo. Apunguzwe uzito, atembezwe polepole, apewe dawa ya maumivu. Ataishi vizuri tu."

Shangazi akageuka taratibu. "Wewe ulisema ulimwona."

Pilipili angeweza kusema alidhani tu. Neno lilikuwa tayari mdomoni. Akalimeza.

"Sikumwona, shangazi. Nilidanganya." Akaangua kilio.

Shangazi hakumgombeza. Alimpeleka moja kwa moja kwa kina Kasuku, akamwambia aseme mwenyewe. Pilipili akasema yote mbele ya Kasuku na mama yake, bila kujitetea. Akaomba radhi, na kuahidi kwamba kesho yake atayarudia maneno hayohayo darasani.

Mama Kasuku akamshika binti yake mkono. "Na mimi nisamehe, mwanangu. Uliniambia mara tatu, sikukusikia. Kesho nitakurudisha kwenye timu mimi mwenyewe."

Waliporudi nyumbani, shangazi alisimama mlangoni.

"Mbwa tumempiga picha kwanza ndipo tukasema anaumwa nini," alisema. "Mtoto wa watu tulimhukumu kwa neno lako tu, kwa sababu tunakuamini. Siku nyingine, kama hujaona, sema hujaona."